Sanduku Limefika

Jumanne, 21 Oktoba 1997

Mvua imeanza leo saa nane mchana, nikiwa katikati ya kuchapa sentensi ya Bwana Lazarus. Bati lilipiga kelele hata sikuisikia tena taipu yangu. Dubow, dereva wetu, alitoka gereji akasimama uani bila kofia, akalowa chapachapa huku anacheka peke yake. Mimi ni mtu wa Meru, mvua kwangu si habari, lakini nilisimama dirishani nikacheka naye.

Daftari hili nimelinunua asubuhi. Kazini naandika kitabu cha redio na kupiga taipu ripoti za watu, na vyote ni vya Shirika lililoniajiri. Hili ni langu. Humu nitasema ninachotaka.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mvua. Mbu wa kutosha kugawia wilaya tatu.

Jumatatu, 27 Oktoba

Niieleze ofisi yetu, maana siku moja nitaondoka Garissa na kuisahau, inshallah. (Nimeanza kusema inshallah. Mama yangu, mwalimu wa Kiswahili na mzee wa kanisa, akinisikia atanikalisha chini.)

Koridoni kuna milango mitatu. Wa kwanza ni wa Kitengo cha Mifugo, cha Bwana Lazarus, daktari wa mifugo, mtu wa bara kama mimi. Unaoutazama ni wa Kitengo cha Afya, cha Sista Sirad, muuguzi, mzaliwa wa hapa hapa mjini. Mwisho kabisa ni meneja, Bwana Koome, ambaye huweka saini na kusafiri kwenda Nairobi. Lazarus na Sirad hawasemezani. Mwaka jana Sirad alikaa miezi kumi akichora chati moja kubwa ya uzito wa watoto, kisima kwa kisima, na Lazarus akaibeba kwenye mkutano Nairobi kama kazi yake. Alipigiwa makofi. Tangu siku hiyo Sirad huandika wagonjwa wake kwenye kijitabu anachokifungia ndani ya mkoba, na mkoba haumtoki begani hata akienda kuswali.

Mimi niko kwenye chumba cha redio, nyuma ya Mifugo. Redio ilinunuliwa na Mifugo, kwa hiyo ni ya Mifugo. Mlangoni kuna bango: HAKUNA RUHUSA KUINGIA. Afya wakitaka kutuma ujumbe huandika barua ya kuomba, na barua hujibiwa baada ya siku tatu. Umbali kati ya mlango na mlango ni hatua sita, nimezihesabu.

Ripoti za pande zote mbili nachapa mimi. Wiki yangu ya kwanza nilimwambia Sirad jambo nililolichapa kwa Lazarus, jambo la kisima tu. Lazarus aliniita akafunga mlango. "Mirriam," akasema kwa upole kabisa, "mchapaji si posta." Nimelishika neno hilo. Nahitaji kazi.

Jumanne, 4 Novemba

Kila siku saa tatu asubuhi naviita vituo vyetu sita vya nyanjani. Ninayempenda ni Olow wa Hara Gudud. Huko ni kijiji kidogo juu ya kilima, mbali upande wa Liboi, na Olow ndiye macho yetu: anahesabu mifugo, anapima mvua, anaripoti. Kiswahili chake ni cha kujiokotea. Leo alisema, "Abaayo, mfua iko mingi." Abaayo ni dada. Nikamwambia, "Sema mvua ni nyingi." Akasema, "Mfua ni ningi," kwa bidii kabisa, na mimi nikacheka hadi machozi. Yeye naye akacheka. Kitabuni niliandika: Mvua ni nyingi. Siwezi kuandika makosa kwenye kitabu changu, hata yakiwa ya kuchekesha. Mkono wenyewe unakataa.

Anaomba dawa. Kwato za mbuzi zinaoza kwa sababu ya matope, na minyoo imezidi. Lazarus amekubali sanduku moja la dawa.

Ijumaa, 7 Novemba

Sanduku la Hara Gudud limeondoka na lori asubuhi. Nimemwambia Olow. "Allah akubariki, abaayo. Bole kwa kusumbua." Pole yake ni bole kila siku.

Alhamisi, 13 Novemba

Lori limekwama katikati ya safari, limezama hadi kwenye bodi. Dereva wake amerudi kwa miguu siku tatu, kavaa kiatu kimoja. Barabara ya Nairobi nayo imekatika. Mto Tana umeingia kwenye mashamba ya migomba na unaendelea kupanda.

Jumatano, 19 Novemba

Miraa haijafika siku tisa. Mji mzima umenuna, na watu wananitazama mimi, Mmeru, kana kwamba nimeificha chini ya kitanda.

Jumatatu, 24 Novemba

Mvua. Olow anauliza sanduku. Nimemwambia asubiri.

Ijumaa, 28 Novemba

Habari njema ya kwanza tangu mvua ianze! Leo redio ilikuwa na mikwaruzo kama ya kukaanga vitunguu, lakini Olow nilimsikia vizuri. "Sandik imefika," akasema. "Abaayo, sandik imefika Hara Gudud." Hata sanduku sasa linamshinda kutamka, maskini. Nikaandika: Saa 3.10. Hara Gudud. Sanduku limefika. Nikamjibu, "Imepokelewa! Tumefurahi sana!"

Kisha akasema, "Abaayo, mimi hapana elewa," na mikwaruzo ikammeza.

Bwana Lazarus naye alifurahi. Alidhani sanduku bado limo ndani ya lori. "Watakuwa wamelifuata kwa ngamia," akasema. "Hawa watu ni hodari." Akachukua kalamu nyekundu akaikata Hara Gudud kwenye orodha ya wanaosubiri.

Jumatatu, 1 Desemba

Hara Gudud kimya. Redio yao inatumia jua, na jua halijaonekana wiki nzima.

Jumatano, 3 Desemba

Nimechapa ripoti ya Mifugo ya mwezi. Kurasa nne. Mbuzi, kondoo na ngamia wanaharibu mimba kila mahali, zizi zima kwa usiku mmoja. Wana-kondoo wanakufa. Wengine wanatoka damu puani. Lazarus amepokea barua kumi na moja za wafugaji tangu mwezi uliopita, zimo ndani ya droo yake. Juu ya ripoti amenifanya niandike SIRI na kupiga mstari.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimechapa ripoti ya Afya. Homa kali, macho mekundu, kutapika. Wagonjwa wanne wametoka damu puani na kwenye ufizi, wawili wamekufa. Wote ni wachungaji au wake zao. Sirad alisimama nyuma yangu nikichapa, na nilipomaliza alichukua hata karatasi ya kaboni.

Damu puani. Nilikaa nikitazama mikono yangu. Juzi tu vidole hivi hivi viliandika maneno hayo hayo, ya mbuzi. Nikataka kusema. Kisha nikamsikia Lazarus akikohoa upande wa pili wa ukuta, nikafunika taipu na kwenda kula.

Jumanne, 9 Desemba

Jua lilitoka saa moja tu asubuhi, na Hara Gudud wakaingia hewani. Nilishtuka kusikia sauti ya Olow, imekauka. "Sandik mingi, abaayo. Sandik mingi sana. Kila nyumba. Tunachinja, tunachinja tu."

Nikamwuliza, "Masanduku mengi? Moja halitoshi?"

"Kila nyumba," akasema.

Nikaandika: Hara Gudud wanaomba masanduku mengi, moja kwa kila nyumba. Wanachinja. Nilipompelekea Lazarus, alitupa kalamu mezani. "Kila nyumba! Sisi ni duka? Na wanachinja, wana harusi huko?" Nikarudi kwenye redio nikasema, "Hara Gudud, subirini." Sijui kama alinisikia. Ukweli ni kwamba hata mimi nilimkasirikia kidogo. Ukimpa mtu mkono anataka bega.

Ijumaa, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Gwaride limefanyika kwenye matope.

Jumanne, 16 Desemba

Mvua. Vyura wamo ndani ya choo. Barua kutoka nyumbani haijafika wiki sita.

Alhamisi, 18 Desemba

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Dubow alikwenda Jumatatu na trekta ya kuazima kulinasua lile lori. Leo saa nne asubuhi alirudi akilivuta. Nilitoka kumsalimu. Alikuwa amejaa tope hadi nyusi. Akafungua nyuma ya lori akasema, "Abaayo, hii sanduku ya Olow, niweke wapi?"

Lilikuwa pale. Limepigwa misumari, muhuri wetu haujaguswa, na juu yake mwandiko wangu mwenyewe kwa rangi nyeusi: HARA GUDUD.

"Si hilo," nikamwambia. "Hilo lilifika."

"Imefika wapi? Mimi naitoa hapa sasa hivi."

"Olow mwenyewe alisema. Ishirini na nane Novemba. Alisema sanduku limefika."

Dubow alinitazama. Yeye na Olow ni watu wa ukoo mmoja, walichunga pamoja. "Olow hawezi sema 'limefika'," akasema. "Olow hajui hiyo 'li'. Alisema namna gani? Sema kama yeye."

Nikasema kama yeye. Nilisema kwa ile sauti ya kumwigiza, ambayo nimezoea kuchekeshea watu. "Sandik imefika."

Dubow alikaa chini. Pale pale kwenye tope, mgongo kwenye tairi.

"Hiyo si sanduku," akasema. "Sanduku sisi tunasema sanduuq. Hii ni sandik. San ni bua." Akashika pua yake. "Dhiig ni damu. Ni ugonjwa ya mnyama. Mara ya mwisho mimi nilikuwa mdogo. Mbuzi inatoa mimba, inatoka damu kwa bua, inakufa. Halafu inaingia kwa mtu."

Nikamwambia na ile ya tarehe tisa. Sandik mingi. Kila nyumba. Tunachinja.

"Lazima wachinje," akasema. "Ikikufa yenyewe ni haramu, haiwezi kuliwa. Chakula hakuna, barabara hakuna. Wakiona mbuzi inaanguka wanakimbia na kisu. Na damu yote ile." Akafunika uso. "Kisu ni ya Olow. Huko yeye ndio anachinja."

Siku ishirini. Nilisimama na mwavuli wangu nikahesabu: siku ishirini tangu aniambie, na mimi nikamjibu kwamba tumefurahi sana.

Nilikwenda kwa Lazarus. Nilimwambia wafugaji wana jina la ugonjwa huu, na kwamba unaingia kwa watu. Aliuliza, "Nani amekuambia? Dereva?" Akaniambia amepeleka damu ya mbuzi kwenye jokofu uwanja wa ndege, inasubiri nafasi kwenye ndege siku ya kumi sasa, na hawezi kusema neno mpaka maabara iseme. Miaka mitano iliyopita, akiwa Mandera, alitangaza ugonjwa ambao haukuwepo. Masoko ya mifugo yakafungwa na yeye akahamishwa kama mwizi. "Sitarudia," akasema, na niliona kwamba anaogopa kweli. Nilikuwa nimemchukia miezi yote hii, na sasa nikamwonea huruma, jambo ambalo halikunisaidia.

Nikavuka hatua sita. Sirad hakuniacha nimalize. "Mambo ya mbuzi yana mwenyewe," akasema, akaukumbatia mkoba. "Mimi nikigusa wanyama wake ataniandikia barua. Na nikimpa wagonjwa wangu, mwezi ujao utawasikia Nairobi kwa jina lake."

Basi nikafanya kitu ambacho sikujua naweza. Nakala ya ripoti ya Mifugo ilikuwa kwenye faili langu. Ya Afya Sirad alikwenda nayo, kaboni na yote, lakini utepe wa taipu yangu ni mpya, herufi bado zinasomeka juu yake, na kichwa changu ni kizima. Nikasimama katikati ya koridoni nikasoma kwa sauti ya kanisani. Nilisoma mistari ya mbuzi, kisha nikasema mistari ya watu, kisha mbuzi tena. Kutoka damu puani. Kutoka damu puani. Lazarus alitoka akasema, "Mirriam!" Sirad alitoka akasema, "Nyamaza!" Nikasema, "Wasomali wanaiita sandik."

Sirad aliacha mkoba ukamteleza begani. "Nani amesema sandik?" akauliza. "Bibi yangu alikuwa akiisema. Nani ameisema? Lini?"

Nilifungua mdomo. Dubow alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, anadondosha tope, ananitazama.

"Dubow," nikasema. "Leo."

Walikuwa tayari wamenigeukia mgongo. Lazarus alikuwa anavuta droo, Sirad anafungua kijitabu juu ya meza ya Lazarus, na vichwa vyao vilikuwa vimekaribiana. Sijawahi kuona jambo hilo. Nusu saa baadaye walinipa karatasi nitangaze kwenye vituo vyote: Msichinje mnyama mgonjwa. Msiguse mimba iliyotoka. Maziwa na nyama vichemshwe sana. Mwenye homa asikae na mbu. Ni sentensi nne. Niliziwekea saa, zinasomeka kwa nusu dakika.

Vituo vitano vilijibu. Hara Gudud haikujibu.

Ijumaa, 19 Desemba

Nimeita Hara Gudud mara kumi na mbili.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimeita. Mvua.

Jumatatu, 22 Desemba

Bwana Koome yuko Nairobi hadi baada ya uchaguzi. Kwenye simu alisema helikopta zote zinagawa chakula na atajaribu. Sirad alimpokonya Lazarus mkono wa simu akapiga kelele ndani yake. Lazarus alimshikia waya usichomoke.

Sirad aliniuliza leo tukila, "Hara Gudud hawakuripoti kitu? Olow ni mwerevu." Nikamwambia redio yao ilikufa mapema. Aliniamini. "Ningekuwa naingia kwenye chumba chako," akasema, "ningekisoma kile kitabu kila asubuhi. Neno hilo ningelijua hata limeandikwa kwa mkono wa mtoto."

Kwenye kitabu changu neno hilo halimo. Hata kama angeingia, angesoma Kiswahili fasaha.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Kanisani tulikuwa watu kumi na wanane. Sikuimba. Nimeita Hara Gudud asubuhi na jioni.

Jumatatu, 29 Desemba

Uchaguzi. Mji kimya. Masanduku ya kura yamepita mbele ya ofisi kwenye gari la jeshi. Niliingia ndani nikafunga mlango.

Ijumaa, 2 Januari 1998

Siku ya tatu ya Ramadhani. Helikopta imepatikana, nafasi mbili. Sirad na Lazarus wamepanda pamoja, Sirad na sindano zake, Lazarus na chupa zake. Dubow aliomba kwenda akakataliwa kwa sababu ya uzito.

Jumapili, 4 Januari

Wamerudi. Sirad alishuka akaenda moja kwa moja bombani akaosha mikono muda mrefu sana. Lazarus ndiye aliyenipa karatasi ya kuchapa, kwa sababu orodha lazima ichapwe, na mchapaji ni mimi.

Watu kumi na tisa wamekufa, Hara Gudud peke yake. Nilichapa namba, jina, umri, tarehe. Namba saba ilikuwa Olow, miaka thelathini na nne, tarehe 17 Desemba. Siku moja kabla lori halijarudi.

Nilihesabu wengine kwa tarehe. Watatu walikufa kabla ya 28 Novemba. Hao si wangu. Waliobaki ni kumi na sita.

Dubow alikuwa ukumbini, anasubiri. Nilimpa nakala aisome mwenyewe. Alisoma, akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," akaikunja akaitia mfukoni, akaenda kuswali. Hajamwambia mtu yeyote kuhusu ile asubuhi ya lori, na mimi sijamwuliza kwa nini.

Jumatano, 7 Januari

Mvua.

Jumatatu, 12 Januari

Bwana Koome amerudi na kuitisha mkutano. Maabara imesema. Ugonjwa una jina sasa, homa ya Bonde la Ufa, na kuna watu wa Nairobi na wazungu hotelini. Lazarus alisimama mbele ya wote akasema alikuwa na barua kumi na moja ndani ya droo. Sirad akasema alikuwa na wagonjwa ndani ya mkoba. Ilikuwa ngumu kuwatazama. Bango la mlangoni pangu limetolewa, imebaki alama ya gundi.

Kisha Bwana Koome akasema, "Lakini kuna mtu mmoja kati yetu aliyevunja ukuta." Akanitaja mimi. Watu wakapiga makofi. Nitaandikiwa barua ya pongezi, nakala makao makuu. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilisimama hata, nikashika kiti cha mbele. Nikasema, "Asanteni," nikaketi.

Dubow alikuwa nyuma, karibu na mlango. Hakupiga makofi, na hakutoka.

Alhamisi, 22 Januari

Barua ya pongezi imefika. Walinipa mimi mwenyewe niichape. Kuna kosa la upatanisho kwenye mstari wa tatu na nimeliacha.

Ijumaa, 30 Januari

Idd. Mke wa Dubow ameniletea sambusa. Nimeshindwa kula.

Jumatano, 4 Februari

Barabara imefunguka kwa gari la magurudumu manne. Nilimwambia Dubow nataka kwenda Hara Gudud. Aliuliza, "Kufanya nini?" Nikasema, kutoa pole. Akasema, "Bole unaweza tuma kwa redio." Kisha akaona uso wangu akaenda kutafuta dizeli.

Tulifika jana mchana. Mizoga imechomwa lakini harufu bado. Kilima ni kidogo kuliko nilivyokifikiria miaka yote miwili hii. Redio ya Olow iko chini ya turubai, imefutwa vumbi.

Mjane wake anaitwa Samsam. Amevaa nyeupe, yuko ndani ya eda, akatukaribisha mlangoni mwa nyumba yake ya mikeka. Dubow alikaa nje ya mlango, ndani nikaingia mimi. Alinipa chai ya maziwa. Alisema na Dubow akatafsiri: "Anasema, wewe ndio ile sauti. Anasema Olow alikuwa nafurahi ukimcheka. Anasema mpaka mwisho aliwaambia watu wasiogope, Garissa imesikia, Garissa imemjibu."

Niliweka kikombe chini. Nilisema yote. Nilisema kwamba mumewe aliniambia sandik, na mimi nikaandika sanduku, nikakirekebisha Kiswahili chake, nikamjibu tumefurahi. Nilisema kwamba mara ya pili aliponiambia nilimkasirikia. Nilisema sijamwambia mtu yeyote, na kwamba nimepigiwa makofi.

Dubow akatafsiri. Ilikuwa fupi sana. Kisomali changu ni cha sokoni, lakini neno sanduuq nalijua, na halikuwemo. Samsam akaniitikia kwa kichwa kwa upole, akanisogezea sukari.

"Umemwambia nini?" nikamwuliza Dubow.

"Nimemwambia umesema bole."

"Mwambie nilichosema."

"Abaayo, itamsaidia nini?" Hakuwa ananitazama, alikuwa anaitazama redio. "Mimi nimenyamaza kwa ajili yako. Nyamaza na wewe."

Nikamgeukia Samsam mwenyewe. Nikasema, "Olow: sandik." Nikaonyesha mdomo. Kisha nikajigusa kifua, nikaandika kwa kidole juu ya mkeka, nikasema, "Aniga: sanduuq."

Alikifuata kidole changu kwa macho. Alisema maneno yale mawili polepole, moja baada ya jingine, sandik, sanduuq, kama mtu anayepima uzito wa vitu viwili mkononi. Niliona alipoelewa. Aliuliza kitu kimoja tu, kifupi, na Dubow hakutaka kukitafsiri, Samsam akakirudia mara ya pili akimtazama Dubow.

"Anauliza," Dubow akasema, "mbona hukumwuliza ni sanduku gani?"

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia nilidhani nimeelewa, na kwamba kumwuliza mtu kama Olow anamaanisha nini hakukunijia akilini, kwa sababu nilizoea kumfundisha.

Safari hii Dubow alitafsiri yote. Ilichukua muda. Samsam alisikiliza hadi mwisho, kisha akavuta shuka lake jeupe usoni, akaacha kunitazama.